Spoku Ngapi, Habu Gani

Mteja akija kuniagiza gurudumu la kusukwa upya, neno la kwanza huwa bei ya ringi. Namwacha aseme. Akimaliza namuuliza: unabeba nini, unapita wapi, na likikuharibikia mbali na hapa nani atalifungua? Wapo wanaodhani nawazungusha ili nipandishe bei. Lakini bila majibu hayo siwezi kumwambia mtu aweke spoku ngapi wala anunue habu gani, na kwa niliyoyaona katika kazi hii, swali la mwisho ndilo lenye kuamua mengi ingawa watu hawalifikirii.

Ufundi niliuanzia Tabora, barazani kwa mzee mmoja wa mtaa wa Ng'ambo. Tabora ni nchi tambarare, na kwa miaka mingi baiskeli ndiyo iliyobeba asali, mkaa, tumbaku, mgonjwa na bibi harusi. Mzee hakuwa na stendi ya kunyooshea ringi. Baiskeli aliipindua chali, tandiko na usukani vikagusa chini, kisha akaegemeza kidole gumba kwenye mguu wa uma na kulizungusha gurudumu taratibu. Pale ringi ilipokigusa kidole ndipo penye kasoro. Kazi iliyobaki aliimaliza kwa kipande cha chaki na spana ndogo ya spoku iliyolika meno.

Baiskeli nyingi zilizoletwa pale zilikuwa za mtindo wa Kiingereza, ziwe zimetoka Nottingham au India: ringi za chuma za inchi 28 kwa moja na nusu, breki za vyuma vinavyovuta kwenda juu, na habu yenye kitundu cha kutilia oili kilichofunikwa kwa kibanio cha bati. Magurudumu yake hayakulingana. Mbele spoku 32, nyuma 40. Nilimuuliza mzee kwa nini zisiwe sawa, maana ukijumlisha unapata 72, na 72 inagawanyika vizuri 36 kwa 36.

"Kijana," akasema, "nenda kwa jirani kaazime mizani."

Jirani alikuwa akinunua mahindi, na mizani yake ilikuwa ya kukanyagia, pana ya kutosha kupandisha gurudumu. Tulimwita muuza mkaa aliyekuwa akisubiri kuzibiwa pancha, tukampandisha kwenye tandiko na magunia yake mawili yakiwa juu ya keria. Kwanza tukapima gurudumu la mbele, la nyuma likiegemea matofali ya kimo kile kile. Kisha tukageuza. Nyuma palikuwa na zaidi ya robo tatu ya uzito wote. Mzee hakuongeza neno, akarudi kwenye kiti chake. Waingereza walikuwa wameliona jambo lile zamani na ndiyo maana wakazigawa hivyo, wakati watengenezaji wa Ulaya bara walizoea 36 mbele na 36 nyuma. Baiskeli ya Mfaransa ilibeba Mfaransa. Ya kwetu imebeba nusu ya shamba.

Kwa nini spoku nane zaidi zilete tofauti, hilo nililielewa baadaye, nilipopata nakala iliyochakaa ya The Bicycle Wheel, kitabu cha mhandisi wa Marekani Jobst Brandt kilichotoka mwaka 1981. Spoku ni waya, na waya hausukumi, unavuta tu. Gurudumu likishasukwa, spoku zote zinavuta ringi kuelekea katikati kwa nguvu kubwa, hata kabla mtu hajaketi. Mzigo ukikaa, ringi hubonyea kidogo mno pale chini gurudumu linapogusa ardhi, na spoku chache za pale hupungua mkazo. Nyingine zote karibu hazibadiliki. Gurudumu linabeba kwa kuzipunguzia spoku za chini ule mkazo lililokuwa limeziwekea akiba. Akiba ikiwa ndogo, spoku inafika kulegea kabisa. Nipo yake, ile nati ndogo inayoishikilia kwenye ringi, inaanza kujifungua yenyewe, ringi inacheza, na safari ya fundi imewadia.

Hapo ndipo idadi inapoingia. Zikiwa nyingi, kila moja hupunguziwa kidogo tu mzigo unapopita juu yake, na ringi ya kawaida hupata mkazo wa jumla mkubwa zaidi bila matundu yake kuvutwa kupita kiasi. Ringi nene na ngumu inaweza kufanya kazi hiyo hiyo kwa spoku chache, kwa kuwa haibonyei haraka na hivyo hugawa mzigo kwa spoku nyingi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo anayeniuliza "spoku 32 zinatosha?" bila kuniambia ni za ringi gani ameniuliza nusu ya swali.

Chukua spoku iliyokatika uisogeze kwenye mwanga. Mara nyingi imekatikia kwenye kona, pale inapopinda kuingia kwenye tundu la habu. Uso wa mkato una sehemu mbili. Upande mmoja umefifia, laini, pengine na weusi wa grisi au kutu. Upande wa pili unang'aa na una chembechembe. Uliofifia ni ufa wa zamani, uliokuwa ukitambaa kidogo kidogo huku mwenye baiskeli akipiga pedali bila habari. Unaong'aa ni ile nyama ya chuma iliyobaki ikishikilia peke yake mpaka asubuhi ile iliposhindwa. Mwenyewe atakuambia imekatika kwa sababu ya shimo la pale njia panda. Shimo limesingiziwa. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja husogea mita 2.2 hivi, yaani kilomita moja ni mizunguko karibu 450. Muuza mkaa anayekwenda kilomita 40 kwa siku amezilegeza na kuzikaza spoku zake mara 18,000 kabla ya magharibi. Chuma kinachoka kwa kupindwa huku na huku, na kinachoka upesi zaidi spoku ikiwa haikukazwa vya kutosha. Wateja wangu wengi wanaamini kinyume chake, kwamba fundi akikaza sana ndipo zinapokatika, na wapo mafundi wanaoziacha nusu legevu ili kumridhisha mteja.

Mzee alikuwa na tabia ya kuzishika spoku mbili mbili zilizo sambamba, pande zote za gurudumu, akizibana kwa viganja kwa nguvu zake zote mpaka zitoe mlio. Kisha ananyoosha tena, anabana tena. Aliifanya kama mtu anavyonawa mikono kabla ya kula, bila kueleza. Brandt ndiye aliyenieleza: spoku ikipindwa kiwandani, na ikipindwa tena inapolazwa kwenye habu, kona yake inabaki na msongo ndani ya chuma. Ukiivuta kwa muda mfupi kupita mzigo wake wa kawaida, sehemu zenye msongo hunyooka kidogo zikatulia. Mtu wa Ng'ambo na mtu wa California hawakupata kuonana, lakini viganja vyao vilikuwa na sugu mahali pale pale.

Kuhusu unene sina maneno mengi. Spoku ya kawaida ni milimita 2.0. Ziko za 2.3, na watu wa mizigo huzipenda kwa macho. Ziko pia zilizopunguzwa katikati, 2.0 kwenye ncha zote mbili na 1.8 katikati, ambazo mtu akiziona hudhani fundi anamwibia chuma. Kumbe hizo nyembamba katikati ndizo zinazodumu, maana hunyumbuka na kuiacha kona ipumzike. Shida ni kuzipata. Ninazozikuta dukani kwetu nyingi ni za unene mmoja, za zinki, na mara chache za chuma kisichoshika kutu. Habu ya bei rahisi mara nyingi imetobolewa matundu mapana kuliko spoku yenyewe, kichwa kikakaa ovyo. Hapo naweka waya wa shaba uliobanwa kuwa pete ndogo chini ya kila kichwa. Kazi ya kuchosha macho, lakini inazuia kona isicheze.

Kuna na namna ya kusuka. Spoku hazitoki kwenye habu moja kwa moja hadi kwenye ringi. Zinatoka kwa pembeni na kupishana, jambo ambalo James Starley wa Coventry alilipatia hataza mwaka 1874. Sababu ni pedali. Ukikanyaga, cheni huipa habu msokoto, na spoku zilizosimama wima kutoka katikati haziwezi kuuhamisha msokoto ule mpaka habu yenyewe izunguke kidogo ndani ya gurudumu. Zikiwa zimelala pembeni huvuta mara moja. Kwa spoku 40 mzee alipishanisha mara nne, kwa 36 na 32 mara tatu. Diski zilipoingia mjini, sheria hiyo ikahamia na mbele: breki ya diski hukamata habu, siyo ringi, kwa hiyo gurudumu la mbele nalo lapaswa kupishanishwa, na mimi siweki diski kwenye spoku chini ya 32 kwa mtu yeyote anayebeba kitu.

Nilipohamia Arusha nilikuta baiskeli za aina nyingine kabisa. Huku kuna mlima, na makontena ya mitumba yanamwaga baiskeli za gia kutoka Ulaya na Japani. Vijana wauza maji wa mitaa ya chini ya mji walikuwa wamezikumbatia: fremu nyepesi, gia za kupandia, tairi nene za inchi 26. Wakachomelea keria za nondo, wakafunga madumu manne ya lita 20. Hizo ni kilo 80 juu ya gurudumu la nyuma, bila kumhesabu kijana mwenyewe. Kisha ekseli zikaanza kukatika. Siyo spoku, ekseli. Karibu kila wiki kijana mmoja alifika akiburuza baiskeli, gurudumu limelala upande, cheni imening'inia.

Ukiifungua habu ile unaiona sababu. Gia sita au saba zimekaa kwenye friwili ya kufunga kwa hesi, na friwili hiyo imepandishwa juu ya habu, nje ya gololi za kulia. Kwa hiyo gololi zinazobeba mzigo ziko ndani, na kutoka pale mpaka kwenye fremu kuna ekseli ya milimita 10 inayoelea peke yake, bila cha kuishikilia. Mzigo unapobonyea, ekseli hupinda kila mzunguko, palepale karibu na koni ya kulia, ile nati inayobana gololi. Mwenye baiskeli nchini Uholanzi alikuwa akienda nayo dukani kununua mkate, hakuwahi kuona tatizo. Kampuni ya Shimano ilishaleta habu ya namna nyingine, ya kaseti, mwishoni mwa miaka ya 1970, ambayo mwili wa kushikilia gia ni sehemu ya habu na gololi za kulia zimesogezwa nje hadi karibu na fremu. Kwa mzigo, tofauti ya hizo mbili ni kubwa kuliko tofauti ya spoku 32 na 36, lakini ukizitazama kwa juu zinafanana, na muuza mitumba huzipa bei moja.

Dawa niliyowapa vijana wa maji ilikuwa ya bei nafuu zaidi ya kununua habu mpya. Nilitoa friwili ya gia saba nikafunga ya gia moja, nikahamisha washa za upande wa kulia kuzipeleka kushoto, kisha nikazikaza na kuzilegeza spoku mpaka ringi ikarudi katikati ya fremu. Sehemu ya ekseli inayoelea upande wa kulia ikawa fupi. Zaidi ya hapo, gurudumu likapata usawa ambao halikuwa nao tangu lizaliwe.

Usawa huo ni jambo la kukaa nalo. Gia nyingi zinakula nafasi upande wa kulia, kwa hiyo sahani ya kulia ya habu, ile yenye matundu ya spoku, inasukumwa kuelekea katikati. Spoku za kulia zinasimama karibu wima, za kushoto zinalala sana. Ili ringi ikae katikati, za kulia lazima zikazwe mno, na za kushoto zibaki na nusu ya mkazo wa wenzao au kuzidi hapo kidogo. Zigonge kwa ukucha utasikia: kulia sauti kali, kushoto sauti nene. Mtu anajisifu ana spoku 36 nyuma, kumbe 18 kati ya hizo zinafanya kazi ya kibarua wa nusu siku. Na ndizo zinazolegea. Kwenye habu ya gia moja, au ile ambayo gia zake ziko ndani kama za Sturmey-Archer zilizokuwa zikitoka Nottingham au zile za gia tatu zinazokuja na baiskeli za akina mama wa Kijapani, sahani mbili zinaweza kukaa karibu sawa kwa sawa. Nikipewa kuchagua kati ya spoku 32 zilizo sawa na 36 zilizoegemea kulia, na ringi ni ile ile, nachukua 32 bila kufikiri mara mbili.

Siku moja alinijia mgeni, mzee wa Kijerumani aliyeshuka kutoka Nairobi kupitia Namanga, akielekea Mbeya. Baiskeli yake ilikuwa na habu ya Rohloff, ya gia 14 zilizofichwa ndani ya oili, kitu ambacho fundi wa barazani hukiona mara chache maishani. Habu haikuwa na neno. Ringi ndiyo iliyopasuka kuzunguka matundu ya nipo, nyufa ndogo kama nywele kwenye matundu matano au sita. Ringi imara za inchi 26 nilikuwa nazo tatu ukutani. Zote za matundu 36. Habu yake ilikuwa ya 32.

Akaniuliza kwa ishara na Kiswahili chake cha kitabuni kama haiwezekani kuruka matundu. Inawezekana, na nimewahi kufanya hivyo kwa habu ya kawaida: unaacha matundu mawili yanayopakana upande mmoja wa ringi na mawili mengine upande unaokabiliana nao, ili mpangilio wa kulia na kushoto usivurugike. Lakini spoku zinakuwa za urefu tofauti tofauti, kwa sababu nyingine zinavutwa mbali na tundu ambalo lingekuwa lake. Kwenye habu ndogo unaokoteza milimita mbili tatu kutoka kwenye masanduku ya spoku. Habu yake ilikuwa na sahani kubwa, sentimita 10 kutoka tundu hadi tundu la upande wa pili, na hapo tofauti inaongezeka karibu maradufu, tena inahitaji spoku fupi ambazo Arusha nzima hakuna aliyekuwa nazo. Tulipiga simu Nairobi, ringi ya 32 ikapatikana, ikapanda basi. Alikaa kwenye benchi langu akinywa chai mpaka basi likafika, na nilipomaliza kusuka akasema kwamba muuzaji alimpa kuchagua 32 au 36, akachukua 32 kwa kuwa kiwandani wanasema inatosha kwa nguvu. Inatosha kweli kwa nguvu. Lakini ringi ya matundu 36 unaipata Babati.

Kwenye suala la gololi pia napima kwa upatikanaji wa vipuri, na hapo ndipo ninapoachana na mafundi wenzangu. Kwao habu ya gololi za wazi ni ya Mungu, na ya beringi iliyofungwa ni ya wazungu. Gololi tisa za robo inchi kila upande wa nyuma, kumi za ndogo kila upande wa mbele, grisi, koni mbili na spana bapa. Kazi hiyo inafanywa chini ya mwembe wowote kuanzia hapa hadi Kigoma. Nakubali. Ila koni unaweza kubadilisha, lakini bakuli zilizokandamizwa ndani ya habu zikishachimbika hazibadilishiki, habu yote inakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Beringi iliyofungwa ikifa unaigonga ikatoka, unaweka nyingine. Kinachotakiwa ni kusoma namba iliyoandikwa ubavuni kabla ya kuinunua habu. Ikiwa 6001, kipenyo cha ndani milimita 12 na cha nje 28, namba hiyo ni ya kawaida kwenye maduka ya beringi, na anayeuza vipuri vya mashine na pikipiki anaifahamu. Ikiwa namba nyembamba ya ajabu inayotumika kwenye habu za mashindano tu, basi mteja wangu anunue jozi mbili za akiba siku hiyo hiyo au aiache habu dukani.

Wanamashindano nao ninao. Dada mmoja wa hapa anayekimbia barabara ya Moshi aliniletea magurudumu aliyopewa na ndugu yake wa Uingereza, ringi ndefu za kaboni, spoku 20 mbele na 24 nyuma. Mafundi wa mtaani walimcheka. Mimi sikuona cha kucheka. Yeye ni mwepesi, habebi hata chupa ya pili ya maji, njia yake ni lami, na spoku inapokuwa juu ya gurudumu hupasua upepo kwa kasi karibu mara mbili ya baiskeli yenyewe, hivyo kila moja unayoiondoa ni nafuu kwa mtu wa saa. Nilimwambia jambo moja tu: kwenye spoku 20, ikikatika moja, ringi inayumba kiasi cha kugusa uma, na hapo safari imekwisha. Kwenye 36, ikikatika moja unalegeza breki na kufika nyumbani. Siku ya mashindano kuna gari nyuma yake lenye gurudumu jingine. Siku ya mazoezi, peke yake, kilomita nyingi kutoka mjini, hakuna gari. Tukakubaliana nimsukie jozi ya mazoezi, 28 mbele na 32 nyuma, ringi ya alumini, na zile za kaboni zikae kwenye mfuko mpaka siku ya namba mgongoni.

Wiki iliyopita alikuja kaka wa maziwa kutoka miteremko ya juu ya Ngaramtoni. Anashuka alfajiri na kilo nyingi za maziwa, anapanda mchana na madumu matupu. Alikuwa ameona baiskeli ya Buffalo, zile imara za World Bicycle Relief zenye breki ndani ya habu ya nyuma, ukirudisha pedali inakamata. Alitaka nimtafutie habu ya namna ile nimsukie kwa spoku 40, kama ya babu yake.

"Kaka, njia yako ni mteremko mtupu kwenda," nikamwambia. "Breki ile ni nzuri kwenye tambarare. Ukiishikilia kuanzia juu mpaka barabara kuu itachemka, grisi ndani ya habu itayeyuka na kuungua."

"Sasa nyuma niweke nini?"

"Tuanze na mbele."

Akashangaa, kama ambavyo ningeshangaa mimi kule Tabora. Hesabu ya mizani ya jirani ilikuwa ya nchi tambarare. Mtu anayeshuka na mzigo huku amebana breki anauhamishia mzigo mbele. Gurudumu la mbele linalobeba robo ya uzito kwenye njia sawa linaweza kubeba sehemu kubwa kabisa kwenye kona ya mteremko. Kwa hiyo kwake hakuna sababu ya mbele kuwa dhaifu. Nilimpangia 36 mbele na 36 nyuma, ringi mbili za aina moja, habu ya nyuma ya kaseti ya gia saba ili ekseli isielee, gololi za wazi mbele na nyuma, breki za kubana ringi ambazo pedi zake anazipata kwenye duka lolote. Arobaini sikumpa kwa sababu ringi za inchi 26 zenye matundu 40 sizioni sokoni, na sitamsukia mtu kitu ambacho nikifunga duka hakuna wa kukisuka tena.

Tulibishana bei ya ringi hadi tukaelewana, akaacha malipo ya awali. Alipokuja kuchukua, nilimfungia spoku nne za akiba chini ya fremu kwa utepe wa umeme, mbili za kulia na mbili za kushoto, maana nyuma zinapishana urefu kwa milimita mbili hivi, na za kulia nikazipaka rangi nyekundu kwenye ncha.

"Na za mbele?" akauliza.

"Za mbele ni sawa na zile za kushoto za nyuma. Nimezipanga hivyo makusudi."